Maji ya Bahari Niliyoyakana

Ndugu wasomaji, msinionee huruma. Huruma yenu iwekeni, nitawaambia wa kumpa.

Mimi ni mwongo. Ni bibi mwenye wajukuu wanne, ni kungwi, nimewacheza unyago mabinti wa kijiji kizima na kuwafundisha adabu. Na mimi huyo huyo nilikaa uwanjani kwangu mchana kweupe, mbele ya watu, nikasema uongo mmoja. Mmoja tu! Mpaka leo unanitafuna.

Jina langu nimeliomba gazeti lisiliandike, kwa sababu mwanangu ana watoto wanaosoma shule. Lakini jina la niliyemkosea naliandika lilivyo. Anaitwa Somoe. Alikuwa mke mwenzangu.

Najua mtasema, aa, mambo ya uke wenza hayo. Subirini.

Mume wetu alipofariki, miaka ile ya tisini, mimi na Somoe tulikaa eda pamoja chumba kimoja. Miezi minne na siku kumi. Watu walidhani tutatoana macho. Wapi! Tulicheka mle ndani mpaka wakwe wakagonga mlango kutuambia tuone haya, kuna msiba. Mto wake wa sufi na mto wangu tuliishona siku moja, kwa sindano moja, tukipokezana.

Tulipotoka eda hakuna aliyerudi kwao. Yeye kwao Msimbati, pwani kabisa, mimi ni mtu wa huku bara, upande wa Nanyamba. Mume alituachia mikorosho na shamba la muhogo, tukasema tulime pamoja. Mimi nina mtoto mmoja, Rashidi. Somoe wa kwake alikufa mchanga, hakupata mwingine. Basi Rashidi akalelewa na yeye. Mimi nilikuwa mkali, mtoto akichapwa kwangu anakimbilia kwa mama mdogo. Mpaka anaota ndevu bado anakimbilia kwa mama mdogo.

Na niseme jingine. Mimi shule sikukanyaga. Kisomo cha watu wazima kilinifikisha kwenye ba, be, bi, basi, mwalimu akahamishwa. Aliyenimalizia ni Somoe. Alikuwa ananiandikia kwa mkaa mgongoni mwa ungo, mimi nafuatisha kwa kidole, nikikosea anafuta kwa kiganja. Herufi hizi ninazoandika hapa ni zake.

Sasa tuje kwenye gari.

Korosho zilipokubali miaka miwili mfululizo, mimi na Somoe tulinunua lori dogo la Kijapani, kuukuu, kutoka kwa mtumishi mmoja wa mjini Mtwara aliyehamishwa kikazi. Rangi ya samawati, mlango mmoja umebonyea. Rashidi ndiye dereva. Linapeleka magunia ya korosho ghalani, linapeleka muhogo Msimbati, linarudi na samaki. Kijiji kizima hakuna mwingine mwenye gari. Wanawake wawili wajane wenye lori! Watu walikuwa wanasimama njiani kuliangalia.

Mimi macho ya watu siyapendi. Wanalisifu, "lori zuri hilo, lori zuri," na hakuna hata mmoja anayesema mashallah. Nikaona hapa tutapigwa jicho.

Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa. Akaniambia, "Bi mkubwa, soma dua, toa sadaka, basi. Mengine usijisumbue."

Haikunitosha. Marehemu bibi yangu, nyumba mpya ikijengwa, alikuwa anamwaga maji ya bahari kizingitini na chumvi ya mawe juu yake, ili husuda isivuke. Nikajiambia, gari nalo lina mlango, lina kizingiti. Kwa nini lisizindikwe?

Maji ya bahari huku kwetu utayapata wapi? Kwa Somoe. Kila gari likienda Msimbati yeye alikuwa anapanda mbele, anawaona ndugu zake, anasimamia samaki. Nikamwambia, "Somoe, niletee galoni la maji ya bahari. Miguu yangu inavimba, nataka kuikanda."

"Yaani dada ungesema siku zote," akasema. "Nitakuchotea kule mbali, yale masafi."

Kwa nini sikumwambia ukweli? Hapa ndipo penye uchafu wangu, ngoja niutoe wote. Nilikuwa naona wivu. Siyo wa mume, mume yuko kaburini. Wivu wa kile kiti cha mbele. Kila wiki naona Somoe anapanda, anafunga mlango, mwanangu anamchekesha, wanaondoka. Mimi nabaki na kuku. Nikawa nasema moyoni, jicho baya likiingia garini litaingia na anayekaa pale. Sikumtaja jina hata moyoni. Lakini nilijua anakaa nani pale.

Basi kila Ijumaa, Rashidi akienda msikitini, mimi nafungua mlango wa kushoto, nainua lile kapeti la chini wanapoweka miguu abiria, namimina. Siyo kunyunyiza, namimina! Na chumvi ya mawe nachanganya humo humo. Maji yanatiririka kwenye ile pembe ya ndani, chini ya dashibodi, yanapotea. Nikaona vizuri, gari limeyanywa. Nikafanya hivyo Ijumaa nyingi.

Siku moja Somoe akashuka garini akaniambia, "Dada, chini mle mbona pana chumvi? Kandambili zangu zimeganda nyeupe."

Nikamjibu, "Si samaki zenu hizo."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya." Akaingia ndani kunipashia maji ya miguu. Maana na miguu yenyewe alikuwa anaikanda, maskini! Nusu galoni anaikanda nayo, nusu mimi naificha.

Miezi ikapita, lori likaanza kukohoa. Linakwenda, ghafla linakosa nguvu kama mtu aliyekaa na njaa. Taa ya njano inawaka mbele ya dereva. Kisha likawa linazima kabisa njiani. Ukiliacha lipumzike linawaka tena, kesho linazima pengine. Mafundi wa Nanyamba wakabadilisha filta, wakasafisha pampu, wakavuta waya huku na huku. Hawakuuona ugonjwa.

Na kwa kuwa safari ndefu ilikuwa ile ya Msimbati, lilipenda kuzima siku za safari hiyo. Somoe akiwa ndani. Mnaona? Nikaanza kuhesabu siku. Nikaacha kuhesabu zile alizokuwemo na halikuzima.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa korosho. Uwanja wangu umejaa wanawake, tumekaa mikekani tunachambua, nzuri huku, mbovu huku. Lori likaja linavutwa kwa kamba na lori la watu. Rashidi ameshika usukani kama anaendesha jeneza. Somoe akashuka, amechoka, vumbi mpaka kope, mkononi galoni langu.

Kulikuwa na jirani yetu, Asumini, Mungu amrehemu, mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Akasema, "Haa! Limezima tena. Na ndani alikuwa nani? Mwenye bahari yake!"

Wengine wakacheka. Mmoja akasema, "Kule kwao wanajua mambo wale. Sisi tunajua muhogo tu."

Rashidi akasema, "Jamani mama zangu, gari ni chuma. Si ng'ombe lirogwe."

Hapo ningenyamaza tu. Ningenyamaza tu, jamani! Lakini nilikuwa nimejaa. Magunia yananisubiri, gari limekufa, na yule anashuka kutoka kiti kile kile. Nikasema kwa sauti yangu ya ukungwi, ile wanayoinyamazia wote:

"Chuma nacho kina adui wake. Somoe, mbona gari halizimi ila wewe ukiwa ndani?"

Mikono ikasimama kwenye korosho. Kungwi kasema.

"Dada," akasema Somoe, "unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine alikuwamo?"

Asumini akainuka, akampokonya galoni, akafungua, akatia kidole, akaonja. Akatema chini. "Maji ya bahari! Wallahi maji ya bahari! Huku porini maji ya bahari ya nini? Kila safari namwona nalo!"

Somoe hata hakumjibu yule. Alinigeukia mimi. "Ni ya dada haya. Ya miguu yake. Dada, waambie."

Wote wakanitazama.

Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu, "ndiyo". Lakini nikisema ndiyo, wataniuliza, mbona miguu yako haina shida tukicheza ngoma? Na Somoe atakumbuka chumvi ya kapetini. Na Rashidi yule pale. Nikaona nitaumbuka.

Nikasema, "Mimi? Miguu yangu naikanda kwa mafuta ya ufuta. Maji hayo siyajui."

Astaghfirullahi!

Somoe hakulia. Hakuapa. Alichukua galoni mkononi mwa Asumini, akakifunga kifuniko taratibu, akaja mpaka nilipokaa, akaliweka miguuni pangu. Akaingia ndani.

Rashidi akaniuliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia ashughulike na gari.

Kesho yake asubuhi Somoe aliondoka na furushi kichwani na mto wake kwapani. Alipita kando ya lori letu, la kwake nusu na langu nusu, limesimama limekufa, na yeye anakwenda barabarani kwa miguu kuomba usafiri. Hakuna mwanamke aliyetoka kumpokea mzigo. Wote walikuwa nyuma ya milango. Mimi pia nilikuwa nyuma ya mlango.

Wakampa jina. "Mchawi wa gari." Likamfuata mpaka kwao. Rashidi aliniambia baadaye, msibani huko Msimbati walimtoa mwiko mkononi, hawakutaka apakue.

Sasa mwanangu alikataa kukaa na gari bovu. Akaenda mjini Mtwara akamleta fundi mmoja wa umeme wa magari, Danieli, mtu wa Mbeya, zamani alikuwa akifanya kazi bandarini. Kijana mzuri, ana adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya tibu, tuone."

Akasema hili gari lina kompyuta yake ya injini. Watu waliokusanyika wakaangua kicheko. Asumini akasema, "Kompyuta? Basi liandike barua tuione!"

Fundi akacheka nao. Akaeleza kwamba ni kisanduku, kama redio ndogo, ndicho kinachoipimia injini mafuta na kuiamrisha lini iwake. Kikiugua, injini inachanganyikiwa hata kama yenyewe ni nzima. Akaingia garini upande wa kushoto, akainua kapeti. Akafungua kibati cha ile pembe. Pale pale! Pale pale nilipokuwa nikimimina!

Akatoa kisanduku, kimefura kutu. Akakifungua kwa bisibisi. Ndani kijani kama shaba iliyolala kaburini, na unga mweupe kwenye kila mguu wa waya. Fundi akaugusa kwa ncha ya ulimi.

"Hiki kimekunywa maji," akasema. "Tena maji ya chumvi. Mengi, tena si siku moja. Bibi, nani alikuwa anamwaga maji humu?"

Rashidi akanitazama.

"Mvua," nikasema.

"Bibi," fundi akacheka, "mvua ya kwenu ina chumvi?"

"Basi ni samaki."

"Samaki wanakaa nyuma, bibi. Huku mbele wanakaa watu."

Nikaondoka nikaenda kukoroga uji ambao hakuna aliyeuomba.

Sasa sikilizeni vizuri. Saa ile nilijua. Kabla yake naweza kujidanganya kwamba niliamini, kwamba Somoe kweli kafanya kitu. Baada ya saa ile, hapana. Nilijua gari limeuawa na mkono wangu. Nilijua Somoe hana kosa. Na sikusema. Hilo ndilo ungamo langu hasa, hilo la pili, kuliko la kwanza.

Kompyuta nyingine ikaagizwa Dar es Salaam. Tukangoja. Ikaja na basi, fundi akaifunga, injini ikazunguka rrr, rrr, haikushika. Akatazama namba za nyuma ya kisanduku, akatikisa kichwa. Kumbe kila injini ina cha kwake. Kwa nje vinafanana kama ndugu, lakini namba ikipishana, injini inakikataa. Akasema tatizo gari lenyewe la zamani, ya aina hii yamebaki machache, tutafute lililokufa tung'oe cha kwake.

Korosho zikalala uwanjani. Wenzetu walishapeleka ghalani. Rashidi akawa haongei nami ila la lazima. Nyumba ikawa kubwa! Sijui ilikuwaje, nyumba ile ile ya vyumba vitatu, ikawa kubwa mpaka nasikia nyayo zangu. Napika, nakuta nimepika kwa watatu. Ungo umetundikwa ukutani, mgongo wake bado una mkaa, neno la mwisho aliloniandikia lilikuwa "mwenzangu". Nilikuwa nakosea hilo kila siku, naandika "mwezangu".

Siku moja Rashidi akarudi kwa basi kutoka Msimbati. Sikumwuliza alikwenda kufanya nini, nilijua alikuwa anakwenda kwa mama yake mdogo. Amebeba kikapu cha ukili chenye mfuniko. Fundi Danieli alikuwapo. Rashidi akafungua kikapu mbele yetu.

Kimejaa sufi. Sufi nyeupe, laini. Fundi akatia mikono akatoa kisanduku. Akakipuliza, akasoma namba, akasoma tena. Akapiga kelele, "Ndiyo yenyewe! Hii mmeipata wapi?"

Kulikuwa na lori kama letu Msimbati, la mkandarasi mmoja, lilipinduka mchangani likaachwa linalaliwa na kuku. Somoe alikuwa akilipita kila siku. Rashidi alipomwambia gari linaumwa nini, alikwenda mwenyewe kwa mlinzi, akaomba, akarudi, akaomba tena, siku nyingi, mpaka wenye gari wakamwambia achukue awapishe. Na ile sufi niliijua. Alikuwa amepasua mto wake.

"Kakutumia salamu," Rashidi akasema. Alikuwa ananitazama usoni, hapepesi. "Kasema: mwambie dada, hiki kisilowe."

Hiki kisilowe!

Nilikaa chini. Miguu ilikataa, safari hii kweli. Alijua. Alijua tangu siku ya chumvi kwenye kandambili. Alisimama pale uwanjani anajua nani anamwaga maji yale garini, na hakunitaja.

Fundi akakifunga. Rashidi akageuza ufunguo, lori likashika mara moja, likanguruma kama jipya. Wanawake wakapiga vigelegele. Asumini akapiga kuliko wote!

Rashidi aliendesha msimu ule mpaka gunia la mwisho. Kisha akaja, akanipa ufunguo mkononi. "Gari lako hilo, mama." Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Akaoa, akahamia mjini na mkewe, akapata kazi bandarini. Sikukuu anakuja, ananisalimia amesimama, anawaacha watoto wanishike mkono, anaondoka.

Mtaniuliza, ulikwenda lini kumwomba msamaha Somoe? Ee, ulizeni. Miaka minne. Gari ninalo, dereva wa kuajiri ninaye, njia naijua. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Ukungwi mzito kuuvua, jamani. Nikienda naenda kama nani?

Nilipokwenda, nilikaa kiti kile cha mbele. Njia nzima miguu yangu iko juu ya kile kisanduku. Nikaivuta nyuma, nikaikunja mpaka ikafa ganzi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake, amekaa mkekani anasuka ukili. Amezeeka. Akainuka, akanipokea kwa mikono miwili, "Karibu dada, karibu." Kisha akaenda kwa jirani. Akarudi na kiti cha plastiki, akakifuta kwa upande wa kanga, akaniwekea.

Nikamwambia, "Nitakaa mkekani na wewe."

"Mkeka una mchanga, dada. Wewe mgeni."

Miaka yote ile tuliyokaa mkeka mmoja! Nikakikalia kiti. Ndicho kiti kigumu kuliko vyote nilivyokalia.

Nikasema yote. Maji, Ijumaa, wivu, ufuta. Aliendelea kusuka. Nilipomaliza nikamwuliza, "Siku ile kwa nini hukusema?"

"Ningesema wangemwamini nani? Wewe kungwi, mimi mtu wa kuja. Na Rashidi alikuwa amesimama pale, nimwambie mama yako mwongo?" Akakata ukili kwa jino. "Halafu nilikuwa nakungoja. Nilisema dada atasema sasa hivi. Hata nikiwa nafunga furushi, nilikuwa nasema atasema sasa hivi."

"Nisamehe, Somoe."

"Nilishakusamehe zamani. Mtu haishi na moto tumboni."

"Basi rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi, dada?" Hakuisema kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayeulizia njia. Kisha akasema, "Neno lile ulilisema uwanjani, watu wamejaa. Leo umekuja kulifuta huku nyuma ya nyumba, tuko wawili. Nenda kalifute kule kule."

Akanipikia samaki, nikala peke yangu kwenye sahani yangu, kama wanavyokula wageni.

Nikarudi, nikafanya alivyosema. Msimu wa korosho, uwanja umejaa, nikainuka nikayasema yote. Na hapa ndipo Mungu aliponipata. Asumini amekufa. Wawili waliokuwapo siku ile wamehamia Masasi kwa watoto wao. Waliobaki mikekani wengi ni wake wa vijana, hawakuwapo. Lakini mmoja akadakia, "Somoe? Yule mchawi wa gari?" Ameolewa juzi juzi! Somoe hamjui hata kwa sura, lakini jina analo!

Nikamwambia, binti, huyo si mchawi, mimi ndiye niliyeharibu, maji niliyaagiza mimi. Wakatazamana. Mmoja akanishika bega, sauti kama anabembeleza mtoto: "Bibi, kaa upumzike. Jua kali." Na nyuma nikamsikia mwingine, "Uzee huo. Anamwonea huruma mwenzake."

Uongo wangu waliuamini kabla sijafunga mdomo. Kweli yangu wanasema ni uzee.

Ndiyo maana naandika. Sina uwanja mwingine uliobaki. Gazeti linafika Nanyamba, linafika Mtwara mjini, hata Msimbati wanafungia vitumbua. Atakayelisoma na amsomee wa pembeni yake: Somoe hakuroga gari. Maji yale yalikuwa yangu. Nilimtuma mimi, nikamkana mimi. Akija msibani huko Msimbati mpeni mwiko apakue, na ale.

Hiyo ndiyo huruma niliyosema nitawaonyesha wa kumpa.

Na nyie wenzangu, wazee kwa vijana. Kitu kikiharibika nyumbani, gari, mashine, hata redio, mwiteni fundi kwanza akifungue, kabla hamjafungua midomo yenu juu ya mtu. Nyie wenye sauti, makungwi, mashehe, wenyeviti, mnaonyamaziwa mkisema, nyie ndio ogopeni zaidi. Neno lenu halipimwi na mtu, linamezwa zima. Na kama umeshasema uongo, sema kweli siku ile ile, wangali wamekaa wale wale. Usingoje wafe. Usingoje mwezi ujao.

Lori bado linatembea. Kisanduku cha Somoe hakijapata tone. Jioni nautandika ule mkeka wetu, mpana, tuliusukia watu wawili. Nakaa upande wangu. Nachukua ungo na mkaa, naandika lile neno, "mwenzangu". Siku hizi silikosei. Hakuna wa kulifuta kwa kiganja.